Viti maalum: nani hasa anamtuma mbunge wa wanawake, na wa watu wenye ulemavu?

Nyota ya Ruaha (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Naileta mada hii kwa urefu kwa sababu kila inapoguswa inaishia kwenye kejeli kwa kina mama. Wako wanaosema viti maalum, yaani viti vilivyotengwa kwa wanawake katika Bunge letu la Tanzania, vifutwe, ni mzigo kwa walipa kodi. Wako wanaosema visiguswe, ni haki ya wanawake iliyopiganiwa. Mimi nauliza jambo ambalo pande zote mbili zinaliruka: mbunge wa viti maalum ametumwa na nani, na nani ana uwezo wa kumwambia "umetuangusha, rudi nyumbani"?

Viti hivi vilianza mwaka 1985 vikiwa 15 tu. Mwaka 2000 kiwango kilipandishwa kikawa kati ya asilimia 20 na 30, na marekebisho ya Katiba ya 2005 yakasema kisipungue asilimia 30. Ndivyo tulivyofika kwenye wabunge 113 wa viti maalum katika mabunge ya 2015 na 2020, dhidi ya majimbo 264. Kwa idadi, hayo ni mafanikio na sitaki mtu ayabeze.

Sasa angalia wanavyopatikana. Siku ya uchaguzi mwananchi wa Bara anapewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Karatasi ya viti maalum haipo. Chini ya Ibara ya 78 ya Katiba, chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura za ubunge kinagawiwa viti kwa uwiano wa kura zake, na majina yanatoka kwenye orodha ambayo chama chenyewe kimeipanga. Mwenye orodha ndiye mpiga kura.

Mnataka kuona maana yake? Tazameni matukio mawili.

Julai 2017, chama cha CUF kikiwa kimepasuka kati ya upande wa Profesa Lipumba na upande wa Maalim Seif, upande wa Lipumba uliwafukuza uanachama wabunge wanane wa viti maalum. Spika akatangaza nafasi zao ziko wazi, Tume ya Uchaguzi ikateua wanawake wengine wanane, yote ndani ya siku chache. Wanane wale hawakuwa na jimbo la kurudi kuliuliza kama bado linawataka.

Halafu ikaja Novemba 2020. Wanawake 19 wa CHADEMA, Halima Mdee akiwa mbele, waliapishwa Dodoma tarehe 24. Chama kikasema hakikupeleka majina yoyote, na tarehe 27 Kamati Kuu ikawafukuza. Ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge nao unakoma. Lakini hawa walibaki. Baraza Kuu likakataa rufaa yao Mei 2022, shauri likaenda mahakamani, na wakaendelea kukaa bungeni.

Sitaki tugombane hapa kuhusu nani alikuwa sahihi ndani ya CHADEMA au CUF. Ninachowaomba mkione ni hiki: wanane waliondoka kwa siku chache, 19 wakabaki kwa miaka, na katika matukio yote mawili hakuna mwanamke hata mmoja wa kawaida, wa Temeke au wa Kasulu, aliyeulizwa chochote. Mvutano ulikuwa baina ya viongozi wa chama, Tume na Kiti cha Spika. Wanawake ambao viti vimewekwa kwa jina lao walikuwa watazamaji.

Ongeza na haya: mbunge wa viti maalum hana sehemu kwenye Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, wala hawezi kuwa Waziri Mkuu, kwa sababu Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu atoke kwenye wabunge wa majimbo. Tumewaingiza ukumbini, na kwenye sehemu muhimu tumewaacha mlangoni.

Msimamo wangu ni kwamba viti vibaki, ila vipigiwe kura na wananchi. Na si wazo geni. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ya Desemba 2013 ilisema kila mkoa wa Bara na kila wilaya ya Zanzibar iwe jimbo la Bunge la Muungano, na kila jimbo lichague wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Karibuni, kwa hoja.

Chausiku

Dada Nyota, umeandika vizuri, lakini nina hofu na hiki unachokidai. Wanaume wakisikia "vipigiwe kura" wanasikia "vifutwe".

Viti maalum ni ngazi, na imepandwa. Rais Samia mwenyewe aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa viti maalum, na 2010 ndipo akagombea jimbo la Makunduchi na kushinda. Halima Mdee huyo huyo uliyemtaja aliingia bungeni 2005 kwa viti maalum, 2010 akachukua Kawe. Ester Bulaya alikuwa viti maalum kupitia CCM 2010, na 2015 akiwa CHADEMA akamwangusha Mzee Wasira Bunda Mjini. Bila ile miaka mitano ya kwanza ya kujulikana, kuzoea kipaza sauti na kujenga mtandao, nani angewapa nafasi?

Unajua kugombea jimbo kunamgharimu nini mwanamke? Usafiri, mawakala vituoni, chakula cha vijana wa kampeni. Halafu zinakuja zile ambazo mgombea mwanaume hakutani nazo: umeolewa na nani, watoto umemwachia nani, nani aliyekubeba hadi ukafika hapa. Nimeshuhudia mwanamke anatukanwa jukwaani mbele ya mama mkwe wake, na watu wanacheka. Hakugombea tena.

Mzee wa Ngamiani

Wanangu, mimi nalitazama kwa upande mwingine. Tulijenga nchi hii kwa kukataa watu kuhesabiana kwa makundi. Leo kiti cha wanawake, kesho cha vijana, keshokutwa cha wavuvi, mwisho kila kabila litadai lake. Mbunge ni wa watu wote wa jimbo lake, mwanamke yumo, kipofu yumo, mzee kama mimi yumo. Anayeweza ajitokeze, apimwe na wananchi, basi. Wanawake ni zaidi ya nusu ya nchi hii, wakitaka wachaguane.

Nyota ya Ruaha

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, na hofu yako juu ya ukabila naielewa. Ila tazama jinsi mlango ulivyofungwa huku na huku.

Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kuandikisha chama chenye lengo la kupigania maslahi ya dini, kabila, sehemu watu wanakotoka, rangi au jinsia. Sawa, sababu zake zinajulikana na sizipingi. Lakini Katiba hiyo hiyo inataka kila mgombea adhaminiwe na chama. Mahakama ya Afrika pale Arusha, Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila na wenzake, ilisema kuzuia wagombea binafsi kunavunja haki. Hadi leo mgombea binafsi hayupo.

Kwa hiyo mtu wa kundi dogo au linalodharauliwa hawezi kuunda chama cha watu wake, na hawezi kusimama peke yake. Anabaki na njia moja tu, kuwapigia magoti wajumbe wa chama kilichopo. Unaposema "anayeweza ajitokeze", mzee wangu, anajitokeza mbele ya nani? Wananchi hawafikii. Anaishia ukumbini kwa wajumbe.

Chausiku, ngazi naikubali, na sitaki iondolewe. Nataka ikanyage ardhini.

Pori kwa Pori

Nichomekee kidogo. Wahadzabe wa Yaeda Chini na pembezoni mwa Ziwa Eyasi ni wachache mno, popote utakapochora mpaka wa jimbo hawawezi kulishinda kwa idadi. Kiti cha mwanamke na mwanamume hakiwafikii, na Mzee wa Ngamiani akisema mbunge ni wa wote, ukweli ni kwamba mbunge huhesabu kura, na kura za huku hazibadilishi matokeo. Sina jibu kamili, ila sipendi mjadala wa makundi yaliyosahaulika uishie kwa wanawake wa mijini.

Diwani Mstaafu

Nimekaa nimesoma hadi hapa nimeshindwa kunyamaza. Nilikuwa diwani wa viti maalum, halmashauri siitaji wala chama sikitaji, wahusika wapo humu.

Kwanza niwaambie madiwani wa viti maalum ni theluthi moja ya madiwani wa kata. Sisi ni wengi kuliko mnavyodhani, na hatuandikwi popote.

Kikao cha maendeleo ya kata, WDC, mwenyekiti ni diwani wa kata. Mimi ni mjumbe kwa sababu ninaishi hapo. Nikaleta hoja ya shule yetu ya sekondari: choo cha wasichana hakina maji wala kichomea taka, watoto wakiwa hedhi wanabaki nyumbani. Nilikwenda mwenyewe na mwalimu wa malezi, nikaona pedi zilizotumika zimefichwa juu ya kenchi za paa kwa sababu hakuna pa kuzitupa. Nikaomba liingie kwenye mpango wa bajeti. Mwenyekiti akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mheshimiwa, nakushukuru, lakini kata hii ina diwani." Watu wakakenua. Hoja haikuandikwa hata kwenye muhtasari.

Niende wapi? Kwa wapiga kura? Sikuwa nao. Kwenye Baraza la Madiwani nikisimama, mwenzangu wa kata anauliza kwa sauti, "Kata yako ipi?"

Na ulipofika wakati wa kurudi, hakuna aliyeniuliza nimefanya nini kuhusu shule, maji au zahanati. Niliowahitaji ni wajumbe wa jumuiya ya wanawake wa wilaya. Walitaka nauli, walitaka vitenge. Mwenzangu ambaye hakuwahi kusimama barazani kwa miaka mitano aligawa vitenge, akarudi. Mimi niliyehangaika na choo cha shule nikapata kura za kuhesabu kwa vidole. Siwalaumu wajumbe peke yao, wale mama nao ni maskini na ule ndio wakati pekee mtu anawajali. Ila utaratibu umenifundisha kwamba kumtumikia mwananchi hakulipi, kumtumikia mjumbe ndiko kunalipa. Dada Nyota, nakuunga mkono asilimia mia.

Mswahili wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa, ndugu zangu. Huku kwetu Kenya ile karatasi mnayoidai tunayo tangu 2013. Mpiga kura hupewa karatasi sita, na moja, ya zambarau, ni ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Wako 47, kila kaunti mmoja, na wanachaguliwa na wake kwa waume. Wana hazina yao pia, NGAAF, ambayo huzungusha pesa kwa vikundi vya kina mama, vijana na walemavu.

Faida nimeiona kwa macho. Mishi Mboko alianza 2013 kama mwakilishi wa wanawake wa Mombasa, akazunguka kaunti nzima, 2017 akagombea ubunge hapa Likoni akashinda. Aisha Jumwa vilevile, kutoka mwakilishi wa wanawake wa Kilifi hadi mbunge wa Malindi mwaka huo huo wa 2017. Hiyo ni ile ngazi ya Bi Chausiku, lakini imepandwa kwa kura za raia.

Madhara nayo yapo, nisiwafiche. Mwanamke akitaka ubunge wa kawaida, wazee wa mtaa humwambia, "Nyinyi mna kiti chenu, tuachieni hiki." Na hazina yao ni ndogo sana ukilinganisha na ya mbunge wa eneo bunge. Katiba yetu ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, ila Bunge halijawahi kutimiza. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga alimshauri Rais Uhuru avunje Bunge kwa sababu hiyo, na Bunge halikuvunjwa. Kwa hivyo kura peke yake haimalizi kazi.

Fimbo Nyeupe

Naomba na mimi nisikike. Mimi ni mwalimu, sioni tangu utotoni, naandika kwa simu inayosoma kwa sauti.

Mmetaja walemavu kama kiitikio, "wanawake, vijana na walemavu", halafu mnarudi kwenye wanawake. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Sisi si kundi dogo.

Kiti chetu kiko wapi? Katiba haijataja hata kimoja. Tunapita kwenye dirisha la chama, ndani ya viti maalum, chama kikiamua kutenga nafasi kwa mwanamke mwenye ulemavu. Ndiyo maana wanawake kadhaa wamepita hapo, na wengine wamefika kuwa manaibu waziri: Stella Ikupa, kisha Ummy Nderiananga. Nawapongeza. Lakini mwanaume mwenye ulemavu hawezi kupita dirisha hilo, maana ni viti vya wanawake. Yeye anasubiri Rais amkumbuke katika wale kumi wa kuteuliwa, au agombee jimbo.

Na jimboni inawezekana. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany wa CUF, mwenye ualbino, tena katika miaka ile ile ambayo ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wanakatwa viungo na kuuawa kwa imani za kishirikina. Hakupewa na mtu. Wapiga kura wa Lindi ndio waliompeleka Dodoma, na hakuna kamati ya chama ambayo ingeweza kusema imemsaidia tu kwa huruma.

Sasa niwapeleke kituoni. Sheria inaniruhusu kwenda na mtu ninayemwamini anisaidie kupiga kura, na lipo jalada la nukta nundu ambalo unaingiza karatasi ndani yake, unasoma kwa vidole, unapiga kura mwenyewe. Kituo nilichopigia kura, nilipoliuliza, msimamizi hakujua ninazungumzia nini. Likapatikana chini ya maboksi, bado liko kwenye nailoni yake. Nikalishika, nikahesabu matundu kwa kidole gumba, nikaweka alama yangu. Nyuma yangu foleni inalalamika kwamba nachelewesha, na wakala mmoja anasema kwa sauti, "Si angekuja na mtoto wake amsaidie?" Sikujibu. Ile kura ilikuwa siri yangu, na nilitaka ibaki siri yangu kama ya kwake.

Dada Nyota, Rasimu ya Warioba uliyoisifu ilitupa wabunge watano wenye ulemavu, lakini iliweka wateuliwe na Rais. Hapo sikubali. Ukikataa mwanamke apangiwe na chama, usikubali mimi nipangiwe na Ikulu. Uganda wana wabunge watano wa watu wenye ulemavu, wanaochaguliwa na wajumbe wenye ulemavu wenyewe. Sisi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Sehemu nyingi zimelala, lakini kwenye sheria zipo. Ziamshwe, zichaguliwe kwa uwazi, nazo zichague wabunge wetu, mwanamke na mwanaume.

Mzee wa Ngamiani

Mwalimu, hilo la kituoni limenigusa. Mimi nimewahi kuwa wakala, jalada hilo sikuwahi kuliona.

Bado nina shaka na Bunge kuongezeka. Bunge la 2020 lilikuwa na watu karibu 400. Sasa mnataka karatasi ya nne na majimbo mengine juu ya yale yale?

Nyota ya Ruaha

Mzee wangu, hesabu yake naiona hivi. Uchaguzi wa 2025 ulikuwa na majimbo 272. Chukua majimbo mawili yanayopakana, yaunganishe kuwa eneo moja la kiti cha mwanamke. Unapata viti 136. Vinazidi kidogo 113 vya 2020, na kila kimoja kina watu wake wanaojulikana, mipaka yake na wapiga kura wake. Mwanamke huyo apewe sehemu yake kwenye mfuko wa jimbo, ili yale ya Diwani Mstaafu ya kuulizwa "kata yako ipi" yaishe. Na chama kikimfukuza, wananchi wa majimbo yale mawili waende kwenye uchaguzi mdogo waamue wenyewe.

Fimbo Nyeupe, nakubaliana nawe kuhusu uteuzi, na njia ya kamati naiona bora kuliko ya Rasimu. Ningeongeza tu kwamba wajumbe wa kamati wasipendekezwe na ofisi ya mtendaji, la sivyo tutarudi kule kule kwa orodha ya mkubwa.

Pori kwa Pori, jambo lako ni gumu na kura haitalimaliza, maana hata majimbo mawili yakiunganishwa Wahadzabe watabaki wachache. Pengine mahali pao pa kuanzia ni halmashauri, kiti kimoja kwenye baraza lenye mamlaka juu ya mpango wa matumizi ya ardhi, kwa kuwa ardhi ndiyo inayowaondoka.

Chausiku

Majimbo mawili maana yake kampeni mara mbili ya mwanaume. Diwani alishindwa na vitenge vya wajumbe wa wilaya moja, huko itakuwaje? Mimi nitakubali karatasi ya nne kwa sharti kwamba sheria ya gharama za uchaguzi isimamiwe kweli, na matusi ya kijinsia jukwaani yamwondoe mtu kwenye kinyang'anyiro. Nisipoona hayo yameandikwa, bora nibaki na orodha mbovu yenye wanawake zaidi ya mia kuliko sanduku safi lenye wanawake ishirini.

Diwani Mstaafu

Chausiku mwanangu, vitenge vinatosha kwa wajumbe mia tatu. Kwa wapiga kura laki mbili havitoshi, hakuna mwenye duka la kiasi hicho. Hapo ndipo mtu kama mimi ninapata nafasi ya kusema nimefanya nini. Hilo la matusi nakuunga mkono, liandikwe.

Fimbo Nyeupe

Na likiandikwa, lisisahau hili: karatasi ya nne iwe na jalada lake la nukta nundu, na kila msimamizi wa kituo afundishwe kulitumia kabla ya siku ya kura. Mikutano ya kampeni ya viti hivyo iwe na mkalimani wa lugha ya alama. Isiachwe kwa hiari ya halmashauri, iwe wajibu wa Tume na iwe na fungu kwenye bajeti yake.